Sikukuu ya Wanaomaliza Masomo: Kabla ya Matokeo au Nyuma Yake?



Kila mwaka kiangazi kinapokaribia, wazazi wa shule yetu ya wavulana hukutana chini ya miembe ya misioni, na kila mwaka swali lile lile hutokea. Vijana wakubwa wanaomaliza masomo wafanyiwe sikukuu lini? Kabla ya Mtihani wa Serikali, ama nyuma ya matokeo? Wengine huona kwamba hilo ni shauri la mbuzi na unga tu. Mimi nafundisha dini katika shule hiyo, na kila mwaka nawatayarisha vijana hao kwa Misa yao ya kuagana. Naona kwamba jambo hilo si dogo. Ndani yake mna swali lingine, nalo ni hili: tunapomsifu kijana aliyesoma, tunasifu nini?

Kwanza nieleze mambo yalivyo, kwa ajili ya wasomaji ambao hawana mtoto katika shule.

Katika nchi yetu ya Kongo mtoto husoma shule ya msingi miaka 6. Halafu huja darasa la 7 na la 8, kisha miaka 4 ya humanite. Zamani tulihesabu miaka 6 ya sekondari kwa mfululizo, na mpaka leo wazee husema kijana fulani «yuko mwaka wa sita». Hesabu ni ile ile: miaka 12 ya kukaa katika benchi. Mwisho wake ni Mtihani wa Serikali, ambao vijana huuita Egzeta. Hutangulia insha ya Kifaransa. Kisha, baada ya majuma kadhaa, huja siku 4 za mtihani wenyewe. Karatasi huenda kusahihishwa mbali, na watu wasiomjua kijana huyo wala mama yake. Anayepata sehemu 50 kwa 100 hupewa diplome. Anayepata 49 hapewi kitu.

Matokeo zamani yalisomwa katika redio na kuchapwa katika magazeti. Siku hizi huja katika simu. Mmoja anapiga kelele upande wa gati, mwingine anajibu upande wa soko, na mara mji wote unajua. Ndipo poda inapotoka. Rafiki na ndugu humwagia kijana poda nyeupe kichwani na mabegani, mpaka anafanana na mtu aliyetoka katika gunia la unga. Wanampandisha pikipiki, wanapiga honi, wanazunguka mitaa yote wakiimba. Mama yake anacheza barabarani na kitenge chake mkononi. Ni furaha kubwa, nami siilaumu hata kidogo. Mama aliyeuza ndagala miaka 12 ana haki ya kucheza barabarani.

Lakini poda ina neno moja baya: haimwangukii kila mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, darasa letu la mwisho lilikuwa na vijana 27. Mwaka ule wazazi walikuwa wamekata shauri kwamba sikukuu ingojee matokeo, ili chakula kisipotee bure. Matokeo yakaja: vijana 19 walipata, 8 walikosa. Jumapili iliyofuata ikafanyika sikukuu, na mbuzi wawili wakachinjwa. Wale 19 walikuja na mashati meupe mapya. Wale 8 hakuja hata mmoja. Nani angekuja kula nyama ya aibu yake?

Mmoja kati yao alikuwa mpiga kengele wa shule. Kwa muda wa miaka 3 yeye ndiye aliyeamka kabla ya jogoo, akapiga kengele ya kuamsha bweni, kisha kengele ya Misa, kisha kengele ya madarasa. Sikumbuki siku ambayo alichelewa. Hesabu ilimshinda, na katika tawi lake la masomo hesabu ni nyingi. Jumapili ile pikipiki zilipita mbele ya nyumba yao mara 3, kwa sababu njia ya misioni inapita pale. Nilikwenda kumwona jioni. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akichambua sombe. Akaniambia: «Mwalimu, mtoto yuko ndani, hataki mtu. Nakuuliza neno moja tu. Miaka hii 12 yote, huyu mtoto hakufanya kitu?»

Sikuwa na jibu la kumpa mlangoni pale. Mwezi uliofuata kijana alipanda lori, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Swali la mama yake lilibaki nami, na katika mkutano wa wazazi wa mwaka uliofuata nililileta mbele ya watu wote, bila kutaja jina la mtu.

Mabishano yalikuwa marefu. Papa mmoja, mvuvi, mtu mwenye akili na anayesikilizwa, alisimama akasema: «Mwalimu, mimi ninavua usiku kwa taa. Hakuna mtu anayenisifu jioni ninapoingia ziwani. Wananisifu asubuhi, nikirudi na ndagala. Mnataka tumpigie mtoto vigelegele kabla hatujaona nyavu zake?» Wengi walicheka, wakapiga makofi. Neno lake lilikuwa na nguvu.

Ndipo mama mmoja mjane akajibu, naye hakusimama, alisema akiwa ameketi juu ya mkeka wake: «Papa, na asubuhi ile unaporudi na nyavu tupu, mke wako hakupi bukari?» Mvuvi akasema: «Ananipa.» «Anakupa kwa sababu gani?» Mvuvi akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Kwa sababu nimekesha.»

Tangu siku hiyo sikukuu yetu hufanyika kabla ya Mtihani.

Wapenzi wasomaji, nadhani mama yule alikata shauri kwa haki kuliko sisi walimu. Kuna mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Diplome ni jambo la Serikali. Serikali inaitoa, nayo ina sheria zake, na ni vizuri iwe nazo. Lakini kumaliza masomo ni jambo ambalo sisi wenyewe tumelishuhudia. Sisi tulimwona kijana akija na viatu vilivyotoboka. Tulimwona akifagia kanisa, akifundisha wadogo kusoma, akirudi darasani nyuma ya malaria na macho bado ya manjano. Kinshasa hawawezi kushuhudia mambo hayo, maana hawakuyaona. Tusiposema sisi, hakuna atakayesema. Basi, tukimfanyia kijana sikukuu kabla ya matokeo, hatusemi uongo. Hatumwambii «Umeshinda». Tunamwambia «Umemaliza, nasi tumeona».

Tena tukumbuke kwamba Mtihani wa Serikali ulianza mwaka 1967. Shule za misioni zilikuwapo zamani kuliko huo. Hapa kwetu kando ya ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walipokea boma la Mpala mwaka 1885, na shule haikukawia kufuata. Katika shule hizo za Mpala na Lusaka ya Marungu alisoma Stefano Kaoze, ambaye alipewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, tarehe 21 Julai 1917. Alikuwa Mkongo wa kwanza kupata upadri katika Kongo ya Wabelgiji, akatumika mpaka alipokufa mwaka 1951. Tunamsifu kwa haki. Lakini si kila mtoto aliyeingia seminari alitoka padri. Wengi waliondoka njiani, na kwa mikono ya hao shule zetu zilipata walimu, misioni zilipata makatekista, na ofisi zilipata makarani. Joseph Kasavubu mwenyewe alisoma seminari ndogo ya Mbata-Kiela, akafika seminari kubwa ya Kabwe huko Kasai. Hakuwa padri. Alifanya kazi ya ualimu na ya ukarani, na mwaka 1960 akawa Rais wa kwanza wa nchi hii. Mwaka huo huo wa Uhuru, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima. Nani basi aliyeandika barua, aliyefundisha watoto, aliyeshika vitabu vya hesabu, aliyesoma redioni? Wale waliotoka shuleni bila cheo kikubwa, lakini waliokuwa wamesoma kweli.

Mimi pia ni mmoja wa walioondoka njiani. Nilitoka seminari kubwa nyuma ya miaka ya falsafa. Niliondoka alfajiri na sanduku langu, wenzangu wakiwa katika sala, na hakuna kengele iliyopigwa. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Ndivyo desturi ilivyokuwa, na wakubwa wangu walinitendea kwa upole. Lakini najua uzito wa sanduku ambalo hakuna mtu aliyelisindikiza. Ndiyo sababu nasema juu ya jambo hili kwa moyo.

Sasa nieleze jinsi sikukuu yetu inavyofanyika, labda shule nyingine itapata humo kitu cha kuchukua.

Kwanza huja jioni 3 za sala na mafundisho. Jioni ya kwanza tunasema juu ya kazi, ya pili juu ya ndoa na utawa, ya tatu juu ya shukrani. Jioni hiyo ya tatu nawapa vijana karatasi, nawaambia: «Andikeni majina ya watu waliowafikisha hapa.» Mwanzoni wanaandika upesi: baba, mama, mjomba aliyelipa. Halafu kalamu zinasimama. Halafu zinaanza tena, polepole. Mwaka jana kijana mmoja wa vijiji vya ziwani aliandika majina 14. La 9 lilikuwa la mwenye mtumbwi aliyemvusha miaka 4 kwa deni, bila kumdai hata siku moja. La 14 lilikuwa la mpishi wa bweni, ambaye alikuwa akimwekea ukoko wa bukari chini ya sufuria, kwa sababu alijua kwamba kijana huyo haletewi kitu na watu wa nyumbani. Mwingine aliandika jina moja tu, la nyanya yake, akakunja karatasi akalia. Nikawaeleza habari ya wakoma 10 waliopona, na mmoja tu akarudi kwa Bwana Yesu kusema asante. Kisha nikawaambia: «Karatasi hizo si zangu. Kila mmoja aende kwa watu aliowaandika, kabla ya siku ya Mtihani.» Mpishi wetu ni mtu wa maneno machache. Kijana alipomwendea, alipangusa mikono, akamshika mkono, akarudi jikoni. Lakini siku ile chakula cha jioni kilikuwa na chumvi nyingi mno, na hakuna mtu aliyeuliza sababu.

Siku yenyewe hutangulia Misa Takatifu. Wakati wa matoleo vijana hawaleti vitu vilivyonunuliwa. Wanaleta vyombo walivyotumika navyo: jembe la shamba la shule, fagio, ndoo ya maji, chaki, kitabu cha nyimbo kilichochakaa. Nyuma ya Misa kila kijana anamkabidhi mdogo wake wa darasa linalofuata chombo hicho mbele ya watu wote, akimwambia neno moja tu. Mwenye ndoo husema: «Maji ya bweni yasikose.» Mwenye jembe husema: «Mihogo ya upande wa mto bado haijapaliliwa.» Watu hucheka, lakini wadogo huvipokea vyombo kwa mikono miwili. Mwisho kabisa mpiga kengele anampa kamba yule atakayemfuata, naye anaipiga kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo kengele ya kwenda kula.

Chakula ni cha kawaida. Kila mzazi huleta alicho nacho: kipimo cha unga, mawese, sombe, ndagala. Shule hutoa mbuzi mmoja. Kinywaji ni munkoyo na chupa za sukre kwa wanaoweza. Lutuku haiingii katika ua wa misioni. Baba Prefe anasoma majina yote ya darasa, kwa mfuatano wa herufi. Haanzi na wa kwanza katika alama wala hamalizi na wa mwisho. Mzazi anasimama mtoto wake anapotajwa.

Hapo pana neno juu ya feza. Humanite bado hulipwa na wazazi. Msaada wa masomo bila malipo ulioanza mwaka 2019 ni wa shule ya msingi. Na juu ya hayo kuna malipo ya Mtihani wenyewe. Basi kila mwaka wako vijana 3 au 4 ambao deni lao halijaisha. Mwaka mmoja mtu alitoa shauri kwamba majina ya wenye deni yasisomwe, ili wazazi waone haya na walipe. Baba Padri alikataa. Alisema kwamba daftari ya feza na daftari ya sikukuu si daftari moja. Deni litadaiwa ofisini, kwa mzazi, si kanisani, kwa mtoto. Nami nimeona kwamba wazazi hao, baada ya kusimama mbele ya watu na kusikia jina la mtoto wao, walifanya bidii ya kulipa kuliko zamani. Mmoja alileta kuku 2 na ahadi ya gunia la mahindi, na gunia lilikuja.

Kuna faida nyingine ya sikukuu hii, ambayo sikuiona mwanzoni. Tunapoheshimu matokeo tu, tunawafundisha vijana kwamba njia si kitu. Ndipo wachuuzi wa uongo wanapopata wateja. Kila mwaka wakati wa Egzeta hutokea watu wanaouza majibu, ama yanayosemwa kuwa majibu, kwa njia ya simu. Kijana anatoa feza ya mama yake, anapewa karatasi ya bure. Na hata kama majibu yangekuwa ya kweli, angekuwa amenunua nini? Atafika chuo kikuu, atafika ofisini, atafika mbele ya mgonjwa, naye hajui. Kumbe kijana ambaye watu wake wamemwambia mbele ya altare kwamba kazi yake ya miaka 12 imeonekana, huyo anaingia chumba cha mtihani na mgongo ulionyooka. Sisemi kwamba hakosi. Nasema kwamba hana sababu ya kuiba heshima ambayo tayari anayo.

Wazee wetu wanajua pia kwamba sikukuu kama hii haikuwa rahisi sikuzote. Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulinyang'anya makanisa shule zao, na mafundisho ya dini yakatolewa katika ratiba. Uongozi wa shule ulirudishwa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, ndiyo sababu shule zetu zinaitwa shule za mapatano: Serikali inaweka programu na mitihani, Kanisa linaongoza nyumba. Tunapoweza leo kuimba Misa ya kuagana pamoja na wanafunzi wetu, tusiione kuwa kitu cha bure.

Sasa niseme machache kwa kila mmoja.

Kwa wazazi. Msimpime mtoto kwa shati la sikukuu. Nimeona baba akikopa feza kwa faida kubwa ili mwanawe avae koti kama la mtoto wa jirani, na mwezi uliofuata feza ya kwenda chuo haikuwapo. Uniforme ya bluu na nyeupe, iliyofuliwa na kupigwa pasi, inatosha kwa Misa ya kuagana; ndiyo aliyosomea. Na matokeo yakija, kama mtoto amepata, mmwagie poda, mcheze, mmshukuru Mungu. Lakini mkipita mbele ya nyumba ya aliyekosa, zimeni honi. Sheria hiyo haikuandikwa pahali popote, lakini mji wenye adabu unaijua.

Kwa wadogo mnaobaki. Ninyi mnawaita wakubwa hao «yaya», nao wamewavumilia, wamewafundisha, na pengine wamewatuma mno. Mkipokea jembe na fagio, mmepokea shule. Nyumba ya masomo haianguki siku moja. Huanza kuanguka siku ambayo hakuna anayejua zamu ya maji ni ya nani.

Kwa ninyi mnaoondoka. Wengine mtapata diplome, na mlango wa chuo kikuu utafunguka, kama Mungu akipenda na kama feza ikipatikana. Msijione wakubwa kuliko mwenye mtumbwi. Wengine hamtapata mara ya kwanza. Sheria inawaruhusu kujaribu tena mwaka mwingine, nanyi mjaribu bila haya. Na kama mlango huo ukikataa kabisa kufunguka, mjue kwamba miaka 12 haikwenda bure. Mnajua kusoma mapatano kabla ya kutia sahihi. Mnajua kuhesabu mzigo wa ndagala ili mchuuzi asiwadanganye mama zenu. Mnajua kusali, kuamka mapema na kushika zamu. Bwana, katika mfano wa talanta, hakumpa kila mtumishi kiasi kimoja, wala hakumwuliza wa 2 sababu hakuleta 10. Alimkasirikia mmoja tu, yule aliyefukia talanta yake ardhini.

Wasomaji watataka kujua habari ya mpiga kengele wetu. Amerudi kutoka machimbo, mzima, bila dhahabu. Anapasua mbao kwa waunda mitumbwi, na Jumapili anaimba sauti ya chini katika kwaya. Juu ya Mtihani hajaniambia neno, nami simwulizi. Mwaka jana Baba Prefe alimwita aje kwenye sikukuu ya wadogo wake, akaja na mama yake. Majina yalipomalizika kusomwa, Baba Prefe alifungua daftari ya zamani akasoma mengine 8, ya wale ambao mwaka wao hawakuitwa. Waliokuwapo walikuwa 3. Wengine wametawanyika, na mmoja amefariki. Mama yake mpiga kengele alisimama kwa jina la mwanawe. Hakucheza, wala hakupiga vigelegele. Alisimama tu, akaangalia watu, na watu wakamwangalia, kisha akaketi. Nikafikiri: swali lake limejibiwa, ingawa kwa kuchelewa.

Mwezi ujao darasa letu la mwisho lina vijana 31. Unga umekwisha kuanza kuletwa, na mvuvi yule ameahidi debe zima la ndagala. Mwanawe ni mmoja wa wale 31. Namwomba Bikira Maria, Kikao cha Hekima, awaongoze wote kalamuni na njiani, na Mtakatifu Yosefu, aliyefanya kazi bila makelele, awafundishe kutumika hata pale ambapo hakuna anayepiga makofi.